Vito vya Giovanna vilikuwa vya nani?

Mtu akiitazama picha ya Giovanna degli Albizzi, aliyoichora Domenico Ghirlandaio, yenye tarehe ya mwaka 1488 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, ni rahisi aseme: huyu alikuwa na mali. Amechorwa kwa upande mmoja wa uso, amevaa hariri ya zari, na kidani cha yakuti na lulu kimemning'inia kifuani. Nyuma yake, rafuni, kuna bizimu na shanga za marijani. Lakini nguo hiyohiyo imefumwa herufi L, ya Lorenzo Tornabuoni aliyemwoa mwaka 1486. Kwa maoni yangu, fahari tunayoiona ni ya nyumba aliyoolewa, na Giovanna, aliyefariki mwaka huohuo wa 1488, ndiye aliyevishwa ili ionekane.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika barua za mjane wa Florence, mji wa Giovanna, aitwaye Alessandra Strozzi. Mwaka 1447 alimwoza binti yake Caterina kwa Marco Parenti, mfanyabiashara wa hariri, na familia ya binti ikatoa florini 1,000. Bwana harusi naye akaagiza mahameli nyekundu na lulu, hata mama akapiga hesabu kwamba siku binti atakapotoka nje atakuwa amevaa zaidi ya florini 400. Mama hakuona aibu kutaja bei, maana kila jicho mtaani lingeikadiria. Ila mavazi ya namna hiyo kwa kawaida yalihesabiwa kuwa mali ya mume, naye aliweza kuyauza baadaye. Mchoraji alinasa kipindi kifupi tu cha ndoa.

Kuna watakaosema kwamba wanawake wenyewe waliyapenda mapambo hayo na kuyapigania. Ni kweli. Kardinali Bessarion alipotoa sheria ya kudhibiti mavazi mjini Bologna mwaka 1453, Nicolosa Sanuti, bibi wa mji huo, alimjibu kwa maandishi: wanawake wamenyimwa vyeo na ushindi wa vita, basi waachiwe mapambo, maana ndiyo alama zao za heshima. Hoja nzito, lakini msingi wake ni ukiri kwamba hawakuwa na kingine. Pingamizi gumu zaidi ni Isabella d'Este wa Mantua, aliyebuni kilemba kilichoigwa na mabibi wa majumba mengine ya kitawala, na ambaye katika miaka ya 1530, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, alichorwa na mchoraji Titian kama msichana. Huyo kweli alijichagulia sura. Lakini alikuwa mke wa mtawala, na hata vito vyake yeye viliwekwa rehani ili kukidhi mahitaji ya dola ya mumewe.