Seva moja, hifadhidata nyingi: manufaa na hatari zake

Hifadhidata ni hazina ya kumbukumbu zilizopangwa ili ziweze kutafutwa, kuongezwa na kurekebishwa kwa haraka. Hukaa katika seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Seva moja yaweza kubeba hifadhidata kadhaa. Katika kaunti kama Taita Taveta, ambayo ofisi zake zimetawanyika Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, mpango huo una mvuto: mashine moja, gharama moja ya umeme na fundi mmoja wa kuitunza.

Hata hivyo, kutegemea chanzo kimoja kuna bei yake. Bomba la maji la Mzima huhudumia Voi na vilevile Mombasa; likipasuka kabla ya kufika Voi, miji yote miwili huathirika.

Mnamo Julai 2023, jukwaa la serikali la eCitizen, lililokuwa na zaidi ya huduma 5,000, lilishambuliwa kupitia mtandao. Ombi za pasipoti na viza zilikwama, na ukataji wa tiketi za treni, ambayo husimama pia Voi, ukavurugika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Shambulio hilo lilifurika lango la kuingilia wala si hifadhidata zenyewe, lakini lilidhihirisha jinsi hitilafu ya mahali pamoja inavyoweza kulemaza huduma zisizohusiana.

Chukulia kwamba rekodi za wagonjwa, ushuru wa soko na mishahara zimewekwa katika seva moja. Jambo la kwanza ni nguvu ya mashine. Ripoti nzito ya mishahara mwishoni mwa mwezi yaweza kumaliza uwezo wa diski, na karani wa hospitali akasubiri faili ya mgonjwa aliye mahututi.

La pili ni idadi ya miunganisho. Programu ya PostgreSQL kwa kawaida huruhusu miunganisho 100 kwa seva nzima, nayo MySQL 151, mpaka msimamizi abadilishe kiwango hicho. Mfumo mmoja wenye kasoro waweza kuichukua yote na kuyafungia nje mengine. Kwa sababu hiyo, kila mfumo hupaswa kuwekewa kikomo chake.

La tatu ni usalama. Kila mfumo uwe na akaunti na nywila yake, isiyoweza kugusa hifadhidata ya jirani. Katika PostgreSQL, akaunti ni za seva nzima, na hifadhidata mpya huwa wazi kwa kila akaunti kuunganishwa nayo hadi msimamizi aifunge. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inamtaka mwenye kusimamia data kumjulisha Kamishna katika muda wa saa 72 tangu atambue uvujaji wenye hatari kwa wahusika.

La nne, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni nakala za akiba. Nakala ya seva nzima hurejesha hifadhidata zote katika saa ileile. Iwapo karani wa ushuru amefuta rekodi kwa bahati mbaya saa tano, kuirudisha seva nzima ilivyokuwa saa nne kutafuta pia kazi ya hospitali ya saa hiyo nzima. Kwa hivyo kila hifadhidata ichukuliwe pia nakala yake pekee, ihifadhiwe nje ya jengo, na urejeshaji wake ujaribiwe mara kwa mara.

Je, mpango huu uepukwe? La. Mifumo midogo inayovumilia kuzimwa saa moja ili mashine ifanyiwe ukarabati yaweza kukaa pamoja bila tatizo. Lakini mfumo ambao kusimama kwake kwaweza kugharimu uhai, kama ule wa hospitali, unastahili seva yake na nyingine ya kuipokea kazi itakapoharibika. Kabla ya kununua mashine, wakuu wa idara na waulizane: hii ikizimika adhuhuri, ni nani watakaosimama kwenye foleni, na wanaweza kungoja kwa muda gani?