Chembe zinazong'aa ini linapoumia

Ini huumia kimyakimya. Kipimo cha damu hutafuta vimeng'enya vilivyovuja, na vikionekana, seli zishaumia. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu miezi kadhaa anastahiki bora.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwadunga panya chembe za kiwango cha nanomita, zilizovishwa sukari inayopokelewa na seli za ini. Panya walipopewa isoniazidi, au parasetamoli (naam, hii yetu ya dukani) kwa wingi, kemikali kali zilizozuka inini zilibadilisha mwanga wa chembe hizo ndani ya dakika chache.

Kwa binadamu bado. Mwanga huo haupenyi mbali mwilini, na ini letu limekaa ndani, nyuma ya mbavu. Kwa sasa zinafaa kuchunguza dawa mpya kwa wanyama, kabla hatujazimeza sisi.