Chupa ya Liebig na Maji ya Jakuzi

Huenda nyumbani kwako hakuna jakuzi. Usijali, hata kwetu hakuna; bafuni kuna ndoo na kopo, basi. Lakini leo tunakuomba usimame nasi pembeni ya jakuzi la mtu, uangalie anachofanya kabla ya kuingia majini. Anachovya kikaratasi cha kupimia, anasubiri kibadilike rangi, anakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo lake. Halafu anatia kiasi kidogo cha unga mweupe na kuwasha mapovu. Unaona kama ni kazi ya usafi tu, si ndiyo? Kumbe anarudia jaribio lenye umri wa karibu miaka 200, na aliyelielewa kwanza alikuwa kijana wa miaka 23.

Kijana huyo ni Antoine Jérôme Balard, msaidizi wa maabara ya kemia mjini Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Karibu na mji huo kulikuwa na mashamba ya chumvi. Kama umewahi kupita Gongoni, kaskazini mwa Malindi, unaijua kazi yenyewe: maji ya bahari yanaingizwa kwenye vibwawa, jua linayakausha, chumvi inaganda na kukusanywa. Yanayobaki ni maji mazito, machungu. Balard aliyachukua hayo mabaki, akayatia maji yenye klorini. Yakageuka rangi ya manjano iliyoelekea wekundu, na harufu kali ikapanda.

Nini kilitokea? Leo tunaweza kueleza kwa sentensi chache. Ndani ya maji ya bahari kuna bromidi, yaani atomu za bromini ambazo kila moja imejipatia elektroni moja ya ziada. Zikiwa hivyo zimetulia, hazina rangi wala harufu. Klorini ina uchu wa elektroni kuliko bromini. Zikikutana, klorini inapokonya elektroni ile, na bromidi tulivu inageuka kuwa bromini, ambayo utulivu haiujui kabisa.

Balard hakujua habari za elektroni. Hakuna aliyejua wakati huo. Alichokuwa nacho ni maswali mawili. Je, hiki ni mchanganyiko wa iodini na klorini, vitu ambavyo tayari vilijulikana? Au ni kitu kipya? Akajiambia: kama ni mchanganyiko, basi utavunjika. Akajaribu kuuvunja kwa njia moja, akajaribu nyingine. Haukuvunjika. Basi ni elementi mpya. Mwaka 1826 akatangaza. Yeye alitaka kuiita muride, kutokana na neno la Kilatini la maji ya chumvi, lakini wakubwa wa sayansi mjini Paris wakachagua jina la Kigiriki lenye maana ya uvundo. Ndiyo bromini hiyo.

Sasa ngoja tukuonyeshe waliokosa. Ujerumani kulikuwa na mwanafunzi, Carl Löwig, ambaye mwaka 1825 alikuwa ameshapata kimiminika hichohicho chekundu kutoka kwenye chemchemi ya chumvi ya Kreuznach. Mwalimu wake, Leopold Gmelin, akamwambia atengeneze kingi zaidi ndipo waandike. Mara mitihani ikaja. Alipokuwa tayari, Balard alikuwa ameshachapisha. (Wewe unayesoma huku tasnifu imekaa kwenye kompyuta tangu mwaka juzi, tumekuona.)

Aliyeumia zaidi ni Justus von Liebig, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne ile. Miaka michache kabla ya Balard, alikuwa ameletewa chupa ya kimiminika kutoka Kreuznach ili akichunguze. Alikitazama, akaamua kwamba ni mchanganyiko wa iodini na klorini, akabandika lebo, akaweka kabatini. Angalia: dhana yake ilikuwa ileile ambayo Balard aliifikiria kwanza. Tofauti ni kwamba mmoja aliipima dhana yake na mwingine akaibandikia lebo. Habari za Balard zilipomfikia, Liebig aliitoa chupa ile na kuihamishia kwenye kabati aliloliita la makosa, awe anaiona.

Shika hiyo chupa mkononi, tutairudia. Swali la sasa ni hili: uvundo huu uliingiaje kwenye maji ya kuogea?

Kwanza bromini ilipaswa kuwa rahisi kupatikana. Mwaka 1891 Mmarekani Herbert Dow alianza kuitoa kwa umeme kutoka maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi huko Midland, Michigan. Mwaka 1934 kiwanda cha Kure Beach, North Carolina, kikaanza kuikamua baharini moja kwa moja, ambako lita moja ya maji ina miligramu 65 hivi tu. Haja kubwa wakati huo ilikuwa petroli yenye risasi: bromini ilitumika kusaidia kuondoa mabaki ya risasi ndani ya injini.

Pili, ilibidi jakuzi lenyewe lizaliwe. Huko California, familia ya wahamiaji kutoka Italia iliyotengeneza pampu za maji ilibuni pampu ya kuwekwa kwenye beseni ili kumkanda mtoto wao aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1956 pampu ile ikaingia sokoni. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi akatoa beseni zima lenye mapovu yake ndani, na jina la ukoo likawa jina la kitu.

Lakini maji ya moto yanayochemka mapovu yana wageni wake. Bakteria wa Legionella, waliotambuliwa mwaka 1977 baada ya mlipuko wa homa ya mapafu hotelini Philadelphia mwaka uliotangulia, wanapenda joto la nyuzi 35 hivi. Mapovu yakipasuka yanarusha matone madogo mno hewani, na anayeyavuta anawaingiza bakteria kwenye mapafu.

Februari 1999, huko Bovenkarspel, Uholanzi, kulikuwa na maonyesho makubwa ya maua. Ndani ya ukumbi kulikuwa pia na jakuzi za kuonyeshwa kwa wateja. Hakuna aliyehitaji kuingia majini. Watu walipita tu, wakatazama, wakaenda zao. Wasiopungua 32 walifariki. Wachunguzi walipolinganisha bakteria wa wagonjwa na waliokuwa kwenye jakuzi moja, walifanana. Maji hayo hayakuwa na namna ya kumwonya mpita njia, maana bakteria hawaonekani kwa macho.

Ndiyo maana maji haya yanahitaji mlinzi, na hapa bromini ina faida yake. Klorini ikiingia majini inatengeneza asidi dhaifu, na asidi hiyo ndiyo muuaji wa vijidudu. Tatizo ni kwamba pH ikipanda, asidi inavunjika na kuwa ioni isiyo na makali. Kwenye pH 8 imebaki robo tu. Asidi ya bromini kwenye pH hiyohiyo bado iko takriban nne ya tano. Na jakuzi hupandisha pH lenyewe: mapovu yanafukuza kabonidayoksaidi, maji yanazidi kuwa besi. Kuna la pili. Klorini ikiungana na jasho na mkojo inatoa ile harufu inayochoma macho, na nguvu yake inapungua sana. Bromini ikiungana na uchafu huo bado inaua. Udhaifu wake ni jua, linaloiharibu haraka. Ndiyo maana inalifaa jakuzi lenye kifuniko kuliko bwawa la wazi.

Haya, turudi kwa yule mtu wetu. Alipojaza maji mapya, alisawazisha kwanza ukali wake: baikaboneti ya sodiamu, ileile inayotiwa kwenye keki, huzuia pH isiyumbe. Kisha akatia bromidi ya sodiamu. Hiyo peke yake haiui kitu; imetulia kama ilivyotulia baharini. Ule unga mweupe uliomwona akiutia ndio unaopokonya bromidi elektroni na kuiamsha kuwa bromini. Wengine hutumia klorini kwa kazi hiyo, sawasawa na Balard. Bromini ikishaua inarudi kuwa bromidi, inalala, na unga wa kesho utaiamsha tena. (Ila unga na vidonge hivyo usivichanganye vikiwa vikavu. Klorini na bromini zikikutana kopo kwa kopo zinaweza kuwaka au kulipuka.)

Sasa kile kikaratasi. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri bromini kwenye jakuzi isipungue miligramu 4 kwa lita, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Huwezi kuyajua hayo kwa kutazama. Maji maangavu yanaweza kuwa hayana bromini hata chembe, na jana kupima vizuri hakusemi lolote kuhusu leo, kwa sababu watu wanne wakikaa humo jioni moja wanaweza kuimaliza.

Liebig alikuwa na akili kuliko wengi wetu, na bado jicho lilimdanganya. Yeye alipoteza elementi moja tu. Basi siku ukikaribishwa kwenye jakuzi, iwe la rafiki au la hoteli, usione haya kuuliza: mmepima leo? Wakikujibu kwamba maji si unayaona, masafi kabisa, ikumbuke ile chupa, kisha rudi zako kwenye ndoo na kopo.