Mtweko: foromali, theluthi na upondo

Ziwa Tshangalele, katika eneo la Kambove huko Katanga, Kongo, ni maji ya bwawa. Mto Lufira ulizibwa pale Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi na viwanda vya kampuni ya Union Minière, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1930. Wavuvi wa Kapolowe huendesha mitumbwi yao kwa kafi, na penye kina kifupi kwa upondo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Likasi anayekutana na neno la Kifaransa gréement kitabuni hana chombo mbele ya macho cha kumsaidia. Akitafuta Kiswahili chake ataambiwa “tanga”, au “vifaa vya merikebu”. La kwanza ni dogo mno, la pili halina mipaka.

Gréement ni mlingoti, miti inayobeba kitambaa, kamba zake zote, kitambaa chenyewe, na zaidi ya hayo ni namna vitu hivyo vilivyopangwa vifanye kazi pamoja. Mashua mbili zinaweza kuwa na vitambaa vya ukubwa mmoja, lakini moja ikahitaji watu wawili kuigeuza na nyingine ikageuzwa na mtoto. Tofauti iko kwenye mpangilio. Watu wa pwani husema kutweka tanga na kutua tanga; kutokana na kitenzi cha kwanza naupendekeza mtweko. Pendekezo ni langu, kamusi zisilaumiwe.

Mtweko unaojulikana zaidi kwa Waswahili ni wa foromali. Foromali ni mti mrefu, mara nyingi wa vipande vilivyofungwa pamoja, unaoning’inizwa kwenye mlingoti kwa mshazari: ncha ya mbele imeshuka karibu na omo, ya nyuma imepanda juu. Ngalawa nyingi hubeba tanga la pembe tatu. La jahazi limekatwa kidogo mbele, likapata upande wa nne ulio mfupi. Mlingoti wenyewe huinamia mbele ili foromali ipate nafasi ya kucheza. Nahodha hushika kamba ya demani, akiikaza au kuilegeza kwa kadiri ya upepo.

Uzuri wake ni nguvu: kitambaa kingi juu ya mlingoti mfupi. Ugumu wake huonekana wakati wa kugeuza. Kuhamisha tanga kwenda upande wa pili, foromali husimamishwa karibu wima, kisha mti na kitambaa huzungushwa mbele ya mlingoti huku chombo kimeupa upepo mgongo. Asiyetaka taabu hiyo huliacha tanga likandamizwe na mlingoti, na mwendo unapungua. Anayebisha dhidi ya upepo kwenye mkondo mwembamba, akigeuza kila baada ya muda mfupi, atachoka kabla ya kufika.

Kabla ya foromali kutawala kulikuwa na mtepe wa visiwa vya Lamu, uliounganishwa mbao zake kwa kamba za nazi na kubeba tanga la mraba la mkeka. Huo nao ni mtweko. Bara, mashua za tanga zilikuwapo Ujiji kabla ya wakoloni. Msafiri Mwingereza Cameron alitoka huko na mashua mbili mwaka 1874 akafika kwenye mlango wa Lukuga, mto unaokwenda Lualaba kama uendavyo Lufira.

Sasa tuje kwenye vyombo vidogo, kwa sababu hapo ndipo vitabu vya Kifaransa humwaga majina. Voile au tiers hubebwa na foromali fupi iliyoning’inizwa kwenye theluthi ya urefu wake, theluthi moja mbele ya mlingoti na mbili nyuma. Kifaransa kimeuita kwa hesabu, nasi tuseme mtweko wa theluthi. Houari una mlingoti mfupi na mti wa pili unaopandishwa ukasimama karibu wima kama mwendelezo wa ule wa kwanza. Mashua ya Mirror, iliyotolewa Uingereza mwaka 1963, ilianza na mtweko huo, na miti yake yote hulala ndani ya chombo. Mtweko wa nyongeza unatosha kuwa jina.

Livarde ndio ninaoupenda. Tanga lina pembe nne. Upande wa mbele umefungwa kwenye mlingoti, na mti mwembamba hutoka chini ya mlingoti ukapanda kimshazari hadi pembe ya juu ya nyuma, ukikisukuma kitambaa kitanuke. Ndivyo ilivyo mashua ya watoto ya Optimist, aliyoichora Clark Mills kule Florida mwaka 1947. Mguu wa mti huo hukaa kwenye kitanzi cha kamba, na kazi yote ya ustadi iko hapo. Kunjo likitokea kutoka pembe ya juu ya mbele kwenda pembe ya chini ya nyuma, mti umelegea, vuta kitanzi. Kunjo likivuka upande mwingine, umekaza mno. Mti huo ni upondo kwa umbo na hata kwa kazi, maana unasukuma. Mvuvi mwenye upondo, fimbo ya mlingoti na magunia yaliyoshonwa tayari ana mtweko wa upondo.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu. Mtumbwi wa gogo ni mwembamba na hauna mkuku. Upepo wa ubavuni utaupindua, au utauburura upande. La kwanza watu wa ngalawa walilitibu kwa ndubi, mbao zinazoelea pande zote mbili mwishoni mwa miti iitwayo mirengu. La pili huhitaji ubao wa kuteremshwa majini ubavuni. Ndubi na ubao huo visihesabiwe ndani ya mtweko: ni viungo vya chombo, pamoja na usukani.