Peter Townsend na Wazee wa Nyumba za Maskini

Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilibadili sheria ya kuwasaidia maskini. Kimsingi, aliyetaka msaada wa umma alitakiwa kuingia katika nyumba ya kazi, na maisha ya humo yalifanywa magumu kwa makusudi ili watu waiogope. Wenye nguvu waliikwepa kadiri walivyoweza. Wazee wasio na pa kwenda hawakuwa na hiari hiyo, nao wakabaki humo kizazi baada ya kizazi.

Mfumo huo ulifutwa mwaka 1948. Waziri Aneurin Bevan alitaka wazee waishi katika nyumba ndogo kama wageni wa hoteli, wakilipia kwa pensheni yao. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimebomoa miji na vifaa vya ujenzi vilikuwa adimu, kwa hiyo halmashauri nyingi ziliendelea kutumia majengo yale yale.

Wakati huo wengi waliamini kwamba serikali ilipobeba mzigo wa wazee, watoto waliwatelekeza wazazi wao. Mtafiti kijana, Peter Townsend, aliamua kuwauliza wazee wenyewe. Alizungumza na wazee 203 wa Bethnal Green, mashariki mwa London, na kitabu chake cha mwaka 1957 kilionyesha picha tofauti kabisa: mabinti waliishi mitaa ya jirani, wakawapikia na kuwafulia wazazi wao, na bibi naye akalea wajukuu. Basi wale waliokuwa katika nyumba za umma walikuwa akina nani?

Kati ya 1958 na 1959 Townsend na wenzake walizuru nyumba 173 kote England na Wales. Katika mojawapo alifanya kazi ya kuwaogesha wazee, kwa kuwa ziara ya mgeni rasmi huonyesha kile tu ambacho msimamizi anataka kionekane. Aliona mabweni yaliyosongamana vitanda, wazee wasio na hata kabati la kuwekea vitu vyao, na watu waliokaa kutwa kwenye viti vilivyopangwa ukutani bila la kufanya.

Maelezo ya kwanza yaliyojitokeza ya kwa nini walikuwa humo ni maradhi, na kweli yalikuwa na uzito wake. Hata hivyo, wengi wa wakazi hao waliweza kutembea na kuvaa wenyewe, ilhali wazee dhaifu kuliko wao waliendelea kuishi makwao kwa sababu walikuwa na binti karibu. Waliopelekwa huko mara nyingi hawakuwahi kuoa au kuolewa, hawakuwa na watoto, walikuwa wamefiwa au wamepoteza nyumba. Kwangu mimi, hoja hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi: walikosa jamaa na makazi, na ufukara ukawafungia njia nyingine zote.

Kitabu chake, The Last Refuge, kilitoka mwaka 1962. Alipendekeza majengo ya zamani ya nyumba za kazi yafungwe, na wazee wapewe makazi madogo yao wenyewe pamoja na wasaidizi wa nyumbani. Majengo ya kale yalifungwa polepole. Wasaidizi hawakutosha kamwe, na watafiti waliozifuatilia zile nyumba 173 katika miaka ya 2000 walikuta baadhi bado zinapokea wazee.