Kibali cha kuezeka upya nyumba (Kisii na Nyamira)

Kibali cha kuezeka upya nyumba ni idhini ya maandishi ambayo mwenye nyumba hupewa na serikali ya kaunti kabla ya kung'oa paa lililopo na kuweka jingine, pale kazi hiyo inapohesabiwa kisheria kuwa uendelezaji. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini Kenya, mamlaka hayo yanatokana na Katiba ya 2010, iliyoziachia kaunti shughuli za upangaji na makazi, pamoja na Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza uendelezaji usio na idhini na kuweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Sheria hiyo inaeleza uendelezaji kwa upana mno, yaani kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi au badiliko kubwa la matumizi ya jengo, kwa hiyo mpaka kati ya ukarabati na ujenzi hauko wazi. Kipimo chenye mantiki ni mzigo unaobebwa na kuta. Kubandua mabati yaliyoshika kutu na kupigilia mapya juu ya mbao zilezile ni matengenezo tu, ingawa mjini ni busara kuuliza ofisi ya upangaji kabla fundi hajapanda ngazi. Lakini kubadilisha kenchi, ambazo ni fremu za mbao zinazobeba paa, kuweka vigae vizito mahali pa mabati, au kumwaga zege la paa bapa ili baadaye ipandishwe ghorofa, ni kazi inayohitaji michoro ya msanifu na hesabu za mhandisi waliosajiliwa.

Kuezeka upya si jambo la nadra katika nyanda za Gusii, ziliko kaunti hizi mbili, kwa kuwa mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mawe ya mvua hupiga mabati alasiri. Mbao za mikaratusi, mti unaopandwa kila mahali huko, zikitumiwa zikiwa mbichi hujipinda kadiri zinavyokauka, misumari ikalegea na maji yakapenya kwenye matundu yake. Kasoro hiyo haionekani kwenye mchoro wowote, bali kwa jicho la mkaguzi anayefika kwenye eneo la kazi.

Mwombaji huwasilisha fomu, ushahidi wa umiliki wa ardhi, michoro, na ada inayowekwa na sheria ya fedha ya kaunti. Asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya upangaji, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sharti la umiliki ndilo kikwazo kikubwa vijijini, ambako mashamba yamegawanywa kimila kati ya wana na wajukuu huku hati ikibaki na jina la babu aliyekwisha kufariki. Sheria haikuwasamehe wanavijiji, ila inawadai karatasi ambayo wengi wao hawana, na matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi za mashambani huezekwa bila kibali chochote.

Paa la asbesto, ambalo bado hupatikana kwenye majengo ya zamani, lina utaratibu wa pekee, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani: halivunjwi, hulowanishwa na kufungwa kwa plastiki, kisha huzikwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Mji wa Keroka una tatizo lake, kwa kuwa uko mpakani na kaunti zote mbili zimekuwa zikivutania mapato yake. Mwenye nyumba huko anapaswa kuhakikisha kiwanja chake kimesajiliwa upande upi kabla ya kulipa ada, maana kibali cha kaunti moja hakina nguvu katika ardhi ya nyingine.