Golan Alipoipa Beirut Mwisho wa Entebbe

Ukiitazama leo The Delta Force, sinema ya mwaka 1986, nusu ya kwanza bado inabana kifua. Ndege imejaa abiria, vijana wawili wanasimama na silaha, pasipoti zinakusanywa. Kisha anatokea Chuck Norris na pikipiki inayofyatua roketi, na kila kitu kinageuka fataki.

Nusu ile ya kwanza ina uzito kwa sababu ilitokea kweli. Tarehe 14 Juni 1985, ndege ya TWA namba 847 ilitekwa ilipokuwa ikitoka Athens kwenda Rome. Rubani John Testrake alilazimishwa kuirusha Beirut, kisha Algiers, na kurudi tena na tena. Robert Stethem, mpiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani mwenye umri wa miaka 23, alipigwa, akauawa kwa risasi, na mwili wake ukatupwa nje uwanjani Beirut.

Mhudumu mkuu, Uli Derickson, alizungumza Kijerumani na mmoja wa watekaji, akawatuliza, akawakinga abiria wasipigwe. Huko Algiers mafuta yalipokataliwa bila malipo, alitoa kadi yake ya Shell, na ndege ikajazwa.

Hakuna komando aliyeivamia ndege hiyo. Mateka wa mwisho, 39, waliachiwa tarehe 30 Juni baada ya mazungumzo yaliyowahusisha Nabih Berri, kiongozi wa kundi la Amal la Lebanoni, na serikali ya Syria. Wiki zilizofuata Israeli iliwaachia wafungwa zaidi ya 700 kutoka Lebanoni, ingawa ilikana kuwa hayo yalikuwa malipo.

Mwongozaji wa The Delta Force, Menahem Golan, hakuutaka mwisho huo. Mwaka 1977 alikuwa ametengeneza Operation Thunderbolt, kuhusu makomando wa Israeli waliowaokoa mateka Entebbe, Uganda, Julai 1976. Uokoaji ule ulitokea kweli. Miaka tisa baadaye aliuchukua mwisho wa Entebbe akaubandika Beirut. Hapo ndipo sinema inapokosea vibaya: inawapokonya wapatanishi kazi yao, na Waarabu inawageuza shabaha tu za bunduki. Hata Abdul, kiongozi wa watekaji, aliigizwa na Mmarekani, Robert Forster.

Hanna Schygulla, mwigizaji mahiri wa Ujerumani, anaigiza mhudumu aliyechorwa kwa mfano wa Derickson, ila milipuko ikianza hana tena nafasi. Derickson alipata sinema yake ya televisheni mwaka 1988, ambamo Lindsay Wagner aliiigiza nafasi yake.